Wasifu wa Kazi wa Muuza Mabuti

Jumatatu, 1 Julai

Nimefungua duka saa moja. Nimepangusa vumbi kwenye mabuti ya mpira, safu ya chini kwanza. Kiangazi: hakuna anayenunua mabuti. Nimeuza tochi mbili, turubai moja, betri.

Saa nne Hadji, mwenye duka, aliingia akaketi kwenye kiti cha wateja, jambo asilolifanya. Alisema duka litafungwa mwisho wa mwezi. Wanawe wako Kigoma na mashua zake zote mbili zimekwisha kuhamia huko. Akanishukuru kwa miaka tisa. Aliongea kwa upole mno, kwa hiyo nikajua hakuna la kujadili.

Kampuni moja ya magodoro kutoka Bukavu inafungua ghala hapa Baraka na inatafuta mkuu wa mauzo. Tangazo limebandikwa karibu na soko. Wanataka wasifu wa kazi wa kurasa mbili, kwa Kifaransa, wenye kuonyesha matokeo. Wanataka pia majina ya watu wawili wanaoweza kuulizwa habari za mwombaji. Majalada yanapokelewa Fizi-Centre, ambako mwajiri amepanga kwenye nyumba ya wageni. Mwisho ni tarehe 12.

Nikiikosa kazi hii ninarudi darasani. Nilifundisha historia miaka minne bila jina langu kufika kwenye orodha ya mishahara. Nina mke, Nyassa, na mabinti watatu. Naiandika hofu hii mapema, kabla sijaanza kuipamba: naogopa kuwa tena mwalimu anayelipwa kwa mihogo ya wazazi.

Jumanne, 2 Julai

Jaribio la kwanza. «2015–2024: muuzaji, duka la vifaa, Baraka.»

Nimeisoma mara nyingi. Ni kweli tupu na haisemi kitu. Inasema nilikuwa wapi. Hata kiti cha duka kilikuwa mahali pale miaka tisa.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda kwa Etabo, mwenye sekretaria: chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya kuchapa, paneli ya jua juu ya bati. Nusu ya mji huandikiwa wasifu pale. Hakuinua kichwa.

«Chagua, Mwalimu. Iko ya chauffeur, iko ya infirmier wa hospitali, iko ya muuzaji. Mi nabadilisha jina tu.»

Akanionyesha ya muuzaji. Mwenye bidii. Mwaminifu. Mwenye kuweza kazi ngumu. Nikamuuliza ni watu wangapi wameitumia.

«Batu bote. Njo maana Baraka ni muji ya batu baaminifu sana.»

Nilicheka, kisha nikamweleza kwamba tangazo linataka matokeo. Hapo akaacha mzaha. Akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake.

«Sikia. Wakati uliingia mule kwa Hadji, mabuti ilikuwa inauzikaka namna gani? Na nyuma, namna gani? Kitu gani ilibadilika juu yako weye? Andika ile. Chef wa Bukavu hatafutake mutakatifu.»

Ni ushauri sahihi. Anayesoma wasifu wa muuzaji anataka hali ya kwanza, tendo, na hali ya pili. Mengine yote ni sifa za msibani. Nimerudi nyumbani nikiwa na njia ya kuandika, lakini bila furaha. Sikujua sababu mpaka nilipokuwa nanawa mikono. Nilikuwa nimekwisha kuikumbuka ile hali ya pili.

Ijumaa, 5 Julai

Hadji alikwenda kwenye sala ya adhuhuri. Duka lilikaa mlango nusu wazi. Nimetumia saa mbili hizo kusoma madaftari ya bidhaa, mwaka baada ya mwaka.

Nieleze kwa utaratibu, ingawa hakuna atakayesoma.

Mtu wa milimani hashuki Baraka kununua buti. Ni siku mbili za miguu, na namba ya kiatu chake haijui. Anakata kamba ya mgomba kwa urefu wa wayo wake, anapiga fundo upande wa kisigino, anamkabidhi mchuuzi anayeshuka. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Wachuuzi walileta kamba mbili au tatu, wauzaji wakakisia, na mabuti mengi yakarudi yakiwa yamebana. Mimi nilichonga ubao, nikauwekea alama za kila namba, nikaongeza upana wa kidole kwa ajili ya soksi na kwa ajili ya kamba kunywea inapokauka. Kamba ikiwekwa juu ya ubao, namba inaonekana. Mabuti yakaacha kurudi. Wachuuzi wakaacha maduka mengine wakaja kwetu. Hili ni tendo langu. Hakuna aliyenifundisha. Ni jambo pekee nililolivumbua katika maisha yangu.

Hali ya pili ni msimu mmoja wa mvua, miaka mitano iliyopita. Mama Sifa wa Fizi, mchuuzi wetu mkubwa, alifika na mafungu matatu ya kamba. Nilipima asubuhi nzima. Kamba za familia zina urefu wa kila aina: ya mtoto ni fupi kama kijiko, ya mwanamke mara nyingi imefungwa uzi wa rangi. Katika mafungu yale matatu hapakuwa na mtoto. Hapakuwa na mwanamke. Zote zilikuwa za wanaume wazima, na zote zilikatwa kwa kisu kimoja, ncha zake zimelala upande mmoja.

Nilielewa pale pale. Wanaume wengi kiasi kile, walioketi mahali pamoja wakipimwa mmoja baada ya mwingine, hawalimi shamba moja. Sikuuliza ni wapiganaji wa upande gani. Nilitoa mabuti. Aliporudi na mafungu mengine, nilitoa tena. Mauzo ya msimu ule yalikuwa mara tatu ya msimu uliotangulia.

Hayo ndiyo matokeo yangu. Sina mengine yanayokaribia.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani, kisha kwa mama yangu mzazi. Yeye ni wa Makobola, mmoja wa walionusurika mauaji ya kule. Tangu 1998 hajakubali jina lake liandikwe mahali popote: wala kwenye kikundi cha akina mama, wala kwenye orodha ya vyandarua. Kanisani huimba na kwaya, lakini jina lake halimo kwenye daftari la kwaya. Zamani niliona ni udhaifu wa akili uliotokana na msiba. Leo nimemtazama akimenya ndizi na nimefikiri kwamba, kati yetu wawili, yeye ndiye mwanahistoria.

Nilifundishwa kwamba hati humwambia msomaji mambo mawili: lile mwandishi alilotaka kusema, na lile asilojua kwamba amelisema. Wasifu wa muuzaji ukiwa mzuri unataja nini kiliuzwa, wapi, kiasi gani, kwa nani. Hayo manne, mahali kama hapa, ni maswali ya mpelelezi. Anayenisifu kwa kuuza vizuri anaweza kuniuliza niliwavisha akina nani.

Ninaogopa. Mpaka sasa nilikuwa ninaogopa njaa tu.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeandika wasifu mara mbili, kwenye karatasi moja, kwa sababu karatasi nzuri ilikuwa imebaki moja.

Upande wa mbele ni ule wa salama. Nilihudumia wateja, nilipanga bidhaa, nililinda ghala. Mtu wa kuulizwa: Hadji. Wa pili nitamfikiria. Labda mkuu wangu wa zamani wa shule.

Upande wa nyuma ni ukweli, kwa ajili ya kufikiri tu. Ubao wa vipimo. Wateja wasiofika dukani. Masoko matatu ya milimani, kwa majina. Mauzo mara tatu kwa msimu mmoja. Na pembeni, kwa kuwa nilikuwa nafanya hesabu ya mafungu, jina kamili la Mama Sifa na namba yake ya simu.

Upande wa nyuma umeandikwa vizuri. Nakiri hivyo bila furaha. Kila sentensi inaanza na kitenzi na kuishia na kitu kilichobadilika. Nimeusoma kwa sauti ya chini mara mbili. Laiti ningekuwa nauza mahali pengine, ningepewa kazi kwa upande ule peke yake.

Jumanne, 9 Julai

Nimempa Etabo karatasi. Nikaweka kidole upande wa mbele, nikasema: huu. Alikuwa na wateja watano wamemzunguka. Aliitika.

Nitapita Alhamisi kuchukua nakala na kumpa jina la mtu wa pili. Baada ya hapo jalada litapanda Fizi na motari wa pikipiki, shemeji yake Etabo, ambaye hupanda kila siku.

Alhamisi, 11 Julai

Naandika kwa haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Jalada lilikwisha kuondoka. Motari alikuwa anapanda jana, Etabo akaona anisaidie nisichelewe. Akanipa nakala kwa fahari. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Ulikuwa upande wa nyuma wa karatasi yangu. Wote. Ubao, milima, masoko matatu kwa majina yake, mauzo mara tatu. Ukurasa wa pili, chini, penye watu wa kuulizwa: Hadji. Na Mama Sifa, jina kamili, Fizi-Centre, namba ya simu, na mbele yake maneno ambayo Etabo ameyatunga mwenyewe: «mteja mkubwa wa mabuti, milimani».

«Mbele ilikuwa maji tu, Mwalimu,» alisema. «Nguvu ilikuwa nyuma. Na walisema batu wawili ba kuuliza. We uliweka moja. Wa pili nilimupata kule kule.»

Nilimuuliza kama bahasha ilifungwa. Nilijua jibu. Bahasha inayopanda Fizi haifungwi kwa gundi. Yenye gundi hupasuliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Sisi wote tunaziacha wazi, kwa adabu, ili zisiharibiwe.

«Kwenye barrière waliangalia?»

«Shemeji anasema walisoma kidogo. Habana kazi ya kufanya, Mwalimu, banasomaka kila kitu. Hata ordonnance ya dawa.»

Akaona uso wangu. Akauliza kama amekosea herufi mahali. Nikasema hapana, herufi zote ni sahihi. Siwezi kumkasirikia. Amefanya kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Kosa ni langu na ni dogo la kuaibisha: nilibana matumizi ya karatasi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepanda Fizi kwa pikipiki. Vizuizi viwili. Cha kwanza walinipungia mkono. Cha pili walifungua mkoba, wakatazama kitambulisho, na mmoja akauliza kazi yangu. Nikasema: mwalimu. Miaka minne ya ualimu, tisa ya mabuti, na mbele ya kamba iliyofungwa barabarani ile minne ndiyo iliyotoka mdomoni.

Kwenye nyumba ya wageni anapokea majalada katibu wa kike, kijana, mwenye daftari kubwa. Jalada langu lilikuwa limekwisha kupewa namba. Nikaomba nirudishiwe nirekebishe ukurasa mmoja. Alinijibu kwa heshima: «Papa, dosie ikiingia haitoke. Kama unajiondoa, sawa, unatia sahihi hapa, nakurudishia yote. Ila kazi hautaomba tena.»

Fomu ilikuwa mezani. Kalamu ilikuwa juu yake.

Sikutia sahihi.

Nimeandika mstari huo peke yake ili nisiweze kuuficha ndani ya maelezo. Nilisimama, nikafikiri magodoro, nikafikiri mabinti watatu, nikasema nitarudi, nikatoka.

Kutoka pale nilikwenda kwa Mama Sifa. Hapandi milima tena, magoti yamekataa. Anauza maharage mbele ya nyumba yake. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Alicheka hadi akaweka ungo chini.

«Ah, Mwalimu. Mi sikuingia hata masomo, na leo jina yangu inatafuta kazi kwa batu ba Bukavu. Wakinipa ofisi, weye njo utanibebea sakoche ya makaratasi.»

Kisha akauliza: «Na masoko, uliandika?» Nikasema ndiyo, yote matatu. Mikono yake ilisimama katikati ya maharage. Hakucheka tena.

Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza miaka mitano iliyopita. Zile kamba zilikuwa za miguu ya nani.

«Wakati ulikuwa unapima, hukuuliza,» alisema. «Usianze leo.»

Akaniambia kesho atashuka Lweba, kando ya ziwa, kwa binti yake, akae kidogo. Nikaomba msamaha. Akanikatiza: si kwa sababu yangu, ni kwa sababu ya magoti, kule ni tambarare. Amekaa Fizi na magoti hayo hayo miaka miwili.

Wakati wa kushuka, yule wa kizuizi cha pili alinitambua. «Mwalimu, wanafunzi wako likizo?» Nikajibu ndiyo. Alitabasamu. Sijui kutabasamu kwake kulikuwa kwa nini. Nimejaribu njia nzima kukumbuka macho yake na nakumbuka meno tu.

Jumatatu, 15 Julai

Watu wawili dukani, saa tano asubuhi. Si wa hapa. Hawakuvaa sare. Mmoja aliomba buti namba arobaini na tatu, katika kiangazi, na miguuni alikuwa na viatu vya ngozi. Mwenzake alitazama rafu, akatazama ubao wa vipimo ukutani, akauliza ni wa nini. Nikasema ni wa kupigia mistari. Akauliza niko pale tangu lini. Nikasema si zamani.

Ijumaa nilifuta miaka tisa, leo nimefuta mara ya pili. Nashangaa jinsi inavyofutika kirahisi, na jinsi ilivyokuwa vigumu kuiandika.

Wakanunua tochi moja wakaondoka.

Yapo maelezo matatu ya kawaida: ni wachimbaji wanaopita, ni wafanyabiashara waliosikia duka linafungwa, ni wasafiri wasio na haraka. Lipo moja lisilo la kawaida. Akili yangu inayapima yote manne kwa haki. Mwili umekwisha kuchagua. Nimeushusha ubao na kuupasua kuni.

Jumanne, 16 Julai

Hakuna aliyekuja. Hilo nalo limenitisha.

Alhamisi, 18 Julai

Ujumbe wa simu: nimechaguliwa miongoni mwa watatu watakaohojiwa. Jumanne, Fizi, saa nne.

Nyassa alikaa chini akafunika uso kwa kitenge. Sijamwona akilia kwa furaha tangu alipozaliwa binti wa kwanza. Sikumwambia kuhusu jina. Nilimwambia kwamba wamependa maandishi.

Najichunguza na kuona mambo mawili kwa pamoja, na hayapatani: ninataka kazi ile kuliko nilivyoitaka kabla, na ningefurahi kama nyumba ya wageni ingeungua usiku huu na majalada yote ndani. Bila watu.

Jumapili, 21 Julai

Sikwenda kanisani. Nilikaa nikitunga majibu. Wateja wako walikuwa akina nani? Wakulima wa milimani. Wote? Wengi. Unajuaje? Hapo ninakwama kila mara. Ninajua kwa urefu wa kamba. Ustadi wangu wote ndio ushahidi dhidi yangu, na hakuna namna ya kuonyesha mmoja nikauficha mwingine.

Jumanne, 23 Julai

Nimerudi saa kumi jioni. Naandika kwa mpangilio.

Mwajiri ni mama wa makamo, miwani ya kamba shingoni, Kiswahili cha Bukavu. Wasifu wangu ulikuwa mbele yake ndani ya kifuko cha plastiki. Aliniketisha na kuanza bila salamu ndefu.

«Nimesoma dosie sabini. Bote ni baaminifu, bote biko na bidii. Weye njo mutu moja tu nimefahamu alifanya nini.»

Akaniuliza habari za ubao. Nikaeleza. Akauliza kwa nini niliongeza upana wa kidole. Nikaeleza kamba inavyonywea. Aliandika. Kwa dakika kama kumi nilisahau hofu kabisa. Nilikuwa mtu anayezungumza juu ya kazi yake na mtu anayeijua kazi. Sikuwahi kupata dakika kama hizo kwa miaka tisa.

Kisha akasema kazi ni yangu ikiwa hatua mbili zitakwenda vizuri. Ya kwanza, atampigia Mama Sifa. Amekwisha kumpigia mara mbili, simu imefungwa. Ya pili, jalada la atakayeajiriwa litapelekwa kwenye ofisi za serikali, Uvira, lithibitishwe. Kawaida tu. Kila mwajiri anafanya.

«Na batu ba kule juu,» aliuliza, bila ubaya, akiwa bado ameshika kalamu, «balikuwa batu gani?»

Nikasema: «Sikuuliza, Madame.»

Nilimwona akirudi kwenye mstari ule kwa macho: masoko matatu, msimu mmoja, mara tatu. Akavua miwani. Hapo nikajua kwamba si mimi peke yangu ninayeweza kupima kamba.

Nikamuuliza kama ukurasa ule unaweza kubadilishwa kabla ya kwenda Uvira. Akasema majalada yameorodheshwa kwa kurasa. Na hata kama ingewezekana, angekuwa ameajiri nani? Ule mstari ndio unaonitofautisha na wengine sitini na tisa.

Nikaomba fomu ya kujiondoa.

«Mwalimu. Unaacha kazi juu ya jina ya mama moja?»

«Ndiyo, Madame. Jina ni la kwake.»

Nimetia sahihi. Sikuhisi ushujaa, na nataka hilo liandikwe. Nilihisi woga ule ule, mzima, umehama tu kutoka bega moja kwenda jingine. Kama yule mama angesema jalada linabaki Fizi, ningenyamaza na kuichukua kazi. Najijua.

Alinipa jalada lote ndani ya bahasha yake kubwa, akasimama kuniaga, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Nililiweka chini ya shati, juu ya tumbo. Kwenye kizuizi cha pili hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa imelala barabarani, tukapita juu yake.

Jumatano, 24 Julai

Nimemwambia Nyassa. Yote, pamoja na kamba. Aliuliza kama Mama Sifa ana chakula cha kutosha huko aliko. Hakuuliza jambo jingine. Amepika, tumekula. Hasemi nami sana.

Bahasha nimeifungia ndani ya sanduku la nguo. Sijaifungua. Sitaki kuusoma tena upande ule wa nyuma, nisije nikaupenda.

Jumapili, 28 Julai

Nimemwona mkuu wa shule baada ya ibada. Atanipa darasa la tatu na la nne Septemba, historia na uraia. Jina langu atalituma tena kwenye orodha. Alisema hivyo hivyo mwaka 2011, akiwa na nywele.

Jumatano, 31 Julai

Hadji amefunga duka saa sita. Nilimsaidia kuteremsha rafu. Mabuti yaliyobaki yamechukuliwa na mfanyabiashara wa sokoni, yote kwa pamoja, bila kupimwa. Tulishikana mikono. Amesafiri.

Mchana, watoto wakiwa mtoni na mama yao, nilitoa bahasha ili nichome kilichomo. Nilichukua kwanza ukurasa wa pili, ule wenye majina, nikauinua kwenye mwanga wa dirisha.

Umekunjwa. Mkunjo mmoja katikati, kutoka juu hadi chini. Miwili ya kukata upana. Imenyooshwa tena kwa uangalifu, kwa kiganja, lakini mistari inaonekana. Ukurasa wa kwanza hauna hata mmoja. Barua ya maombi iliyoambatana nao haina.

Bahasha ni kubwa. Karatasi inaingia bila kukunjwa. Nimekwenda kwa Etabo. Ameapa aliiweka ikiwa imenyooka, na anakumbuka, kwa sababu alijivunia. Shemeji yake aliibeba kwenye mkoba wa ngozi, bapa, pamoja na nyingine nane. Kwa mwajiri ilikaa ndani ya plastiki. Nimekunja karatasi nyingine kwa mistari ile ile, nikapata kipande kidogo. Kinaingia kwenye mfuko wa shati.

Kwa hiyo, mahali fulani kati ya Baraka na Fizi, ukurasa wa majina peke yake ulikaa ndani ya mfuko wa mtu. Kisha ukarudishwa. Sijui ulikaa muda gani. Sijui kwa nini ulirudishwa. Mtu anayerudisha karatasi ni yule aliyemaliza kuisoma, au aliyekwisha kuinakili.

Nimeichoma, na nyingine zote. Nimeyakanyaga majivu.

Sikupiga simu Lweba. Namba ya Mama Sifa ni ile ile iliyokuwa kwenye ukurasa. Nimemtafuta mama mmoja wa Lweba anayeuza ndakala, dagaa wa ziwani, hapa sokoni, na anayemjua binti wa Mama Sifa. Nimemwomba apeleke maneno machache kwa mdomo: asirudi Fizi bado, na simu aiache imefungwa. Alirudia mara mbili ili asisahau. Hakuuliza sababu.

Amesema ataondoka kesho alfajiri, ziwa likiwa limetulia.